Yesu wa kimono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za Biblia za Sadao Watanabe

Kila ninapowaonyesha watu picha hizi, iwe baada ya ibada au sebuleni kwangu, huulizwa yaleyale. Kwanza wanacheka kidogo kwa mshangao, kisha wanasogea karibu, halafu maswali yanaanza. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, mengine marefu na mengine mafupi, kadiri jambo lenyewe linavyodai.

Hizi ni picha za namna gani hasa?

Ni picha za chapa kwenye karatasi, zenye visa vya Biblia, zilizotengenezwa kwa ufundi ambao Wajapani wameutumia kwa karne nyingi kutia nguo nakshi na rangi. Fundi anakata stensili, anapaka uji mzito wa mchele kupitia matundu yake, anatia rangi, kisha anaosha. Palipofunikwa na uji, rangi haikushika. Ufundi huo unaitwa katazome: "kata" ni stensili, "zome" ni kutia rangi. Inapendeza kwamba kwa Kiswahili pia neno "kata" linataja kazi yenyewe.

Utaitambua picha ya Watanabe kwa mbali. Mistari yake ni myeusi, minene, isiyositasita. Rangi ni za udongo na majani makavu: kahawia, nyekundu ya matofali, buluu nzito, manjano ya haradali. Watu wake wana macho makubwa na mikono mikubwa, na wanaijaza karatasi yote kutoka ukingo hadi ukingo.

Sadao Watanabe ni yule mpiga saksafoni?

Hapana. Mwanamuziki wa jazi mwenye jina hilo alizaliwa mwaka 1933. Huyu wetu alizaliwa Tokyo mwaka 1913 na kufariki mwaka 1996. Ukitafuta jina hili kwenye intaneti, ongeza neno "katazome", la sivyo utaletewa santuri za jazi.

Basi huyu msanii alikuwa nani?

Alikuwa mtoto wa mjini aliyefiwa na baba akiwa na miaka 10. Aliacha shule na kuingia kwenye karakana ya watia rangi nguo kama mwanafunzi wa kazi. Hilo ndilo darasa lake la kwanza la sanaa: ndoo, brashi, na vitambaa vilivyotandazwa vikauke. Hakupita chuo cha uchoraji.

Mama mmoja Mkristo, jirani yao, alimpenda kijana huyu na kumkaribisha kanisani. Watanabe mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzoni hakuvutiwa. Aliuona Ukristo una harufu ya siagi. Kwa Wajapani wa zama zile huo ulikuwa msemo wa kawaida kwa kitu chochote cha Kizungu, kwa sababu siagi haikuwa chakula chao na harufu yake iliwasumbua. Hata hivyo alibatizwa mwaka 1930, akiwa na miaka 17, na alibaki Mkristo hadi kufa.

Naomba uishike hiyo harufu ya siagi unaposoma majibu yanayofuata. Kwa macho yangu, kazi yake yote ya zaidi ya miaka 50 ni jibu kwa harufu ile. Alikuwa ameipokea Injili, na sasa alitaka kuiandaa kwa vitu vya jikoni kwao.

Alijifunza wapi ufundi wa stensili?

Kwa Keisuke Serizawa, mzaliwa wa Shizuoka, aliyeishi kati ya mwaka 1895 na 1984. Mwaka 1937 Watanabe, akiwa na miaka 24, aliona maonyesho ya kazi za Serizawa, na miaka michache baadaye akajiunga na kundi la wanafunzi wake.

Serizawa naye alikuwa ameguswa na bingata, vitambaa vya Okinawa vyenye rangi kali za jua vinavyotengenezwa kwa stensili na uji wa mchele. Alifunga safari hadi visiwani huko kujifunza kwa mafundi wenyewe. Mwaka 1956 serikali ya Japani ilimtambua kuwa Hazina Hai ya Taifa kwa ufundi wake huu, heshima wanayopewa mafundi walioubeba ujuzi wa zamani mikononi mwao.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani Watanabe aliliona kwa mwalimu wake. Katika miaka ya 1930 Serizawa alitengeneza kitabu cha picha za stensili cha hadithi maarufu ya Kihispania ya mzee anayejidhania kuwa shujaa wa vita. Serizawa akamvika yule mzee wa Kihispania mavazi ya samurai, askari wa kale wa Japani. Kwa hiyo karakana ile ilikwisha zoea kuikaribisha hadithi ya mbali, kuivua viatu mlangoni na kuikalisha kwenye mkeka.

Neno "mingei" lina maana gani, na linahusianaje na Ukristo?

Mingei ni kifupi cha maneno ya Kijapani yenye maana ya ufundi wa watu wa kawaida. Lilitungwa mwaka 1925 na Soetsu Yanagi pamoja na wafinyanzi Shoji Hamada na Kanjiro Kawai. Yanagi aliamini kwamba uzuri wa kweli hukaa kwenye bakuli la kulia wali, kwenye kapu, kwenye shuka la kila siku, vitu vilivyotengenezwa na fundi asiyejulikana jina kwa ajili ya mtu wa kawaida. Mwaka 1936 alifungua Jumba la Makumbusho la Ufundi wa Watu huko Komaba, Tokyo, na lipo hadi leo.

Yanagi aliegemea fikra za Kibuddha, ingawa ujanani alikuwa amewasoma sana watakatifu na wacha Mungu wa Kikristo wa Ulaya. Harakati yake haikuwa ya kanisa. Lakini fikiria jinsi maneno yake yalivyomwingia kijana aliyelelewa na ndoo za rangi, ambaye kila Jumapili alisikia habari za seremala wa Nazareti na wavuvi wa Galilaya. Mtu akikuambia kwamba kitu cha thamani kinatoka kwenye mikono ya watu wasio na jina, na wewe umetoka kusoma habari za hori la kulishia ng'ombe, huhitaji tafsiri.

Nieleze hatua kwa hatua: picha inatengenezwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uzito wote wa kazi hii uko kwenye vifaa vyake.

Anza na stensili. Karatasi za mikono, zilizotengenezwa kwa nyuzi za gome la mforosadi wa karatasi, zinabandikwa moja juu ya nyingine kwa utomvu wa matunda mabichi ya kaki uliochachushwa. Utomvu huo una ukali kama wa ndizi mbichi, ule unaofunga mdomo. Ukikauka, karatasi inakuwa ya kahawia, ngumu, na haiogopi maji. Mji wa Suzuka katika jimbo la Mie umeishi kwa kutengeneza karatasi hizo na kuzikata kwa mamia ya miaka.

Kisha ni kisu. Msanii anaweka mchoro wake juu na kukata palipo na mistari au palipo na nafasi, kutegemea atakavyo. Tatizo la kila mkata stensili ni lile la kisiwa: ukikata duara lote kuzunguka jicho, mboni inadondoka mezani. Lazima uache vidaraja vya kuishikilia. Ukitazama kwa makini nyuso za watu wa Watanabe, utaona jinsi mstari wa pua unavyoendelea hadi kwenye nyusi, nyusi ikashika ukingo wa uso, na uso ukaungana na nywele. Kila kitu kimeshikwa na jirani yake. Vipande visivyoweza kushikwa hivyo huokolewa kwa wavu mwembamba wa hariri unaogandishwa juu ya stensili yote, na baada ya hapo vidaraja vingine huweza kuondolewa.

Sasa uji. Unga wa mchele wa kunata unachanganywa na pumba laini za mpunga, unakandwa kwa maji, unafanywa madonge, unapikwa kwa mvuke, kisha unasongwa ungali wa moto kama ugali. Wanaongeza chokaa na chumvi. Chokaa hukaza uji na kuubadilisha rangi kuelekea manjano. Chumvi huvuta unyevu ili usikauke na kupasuka. Nasema hili kwa uchungu, maana niliwahi kujaribu kwa unga wa mchele wetu wa kawaida bila pumba wala chumvi, na asubuhi nilikuta uji umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, rangi ikapenya kila ufa.

Stensili inalazwa juu ya karatasi, uji unapitishwa juu yake kwa ubapa wa mbao, mkono mmoja, bila kurudiarudia. Stensili inanyanyuliwa taratibu. Uji unaachwa ukauke.

Halafu rangi. Hapa ndipo maziwa ya soya yanapoingia. Maharage ya soya yanalowekwa usiku kucha, yanasagwa, yanakamuliwa kwenye kitambaa. Maji meupe yanayotoka yana protini, na protini hiyo ndiyo inayozishikiza rangi za madini na mimea kwenye karatasi. Watanabe alitumia rangi za aina hiyo na maziwa hayo. Zinapakwa kwa brashi, kwa mkono, eneo baada ya eneo.

Mwisho ni maji. Karatasi inalowekwa mpaka uji ulegee wenyewe na kuondoka. Usisugue. Picha inajitokeza polepole, na msanii mwenyewe hajui kwa hakika itakavyokuwa mpaka dakika ile.

Sasa hesabu vilivyotumika: mchele, pumba, soya, chumvi, chokaa, tunda, gome la mti, maji. Ni orodha ya jiko la mkulima wa Kijapani. Kwa vitu hivyo akachora Karamu ya Mwisho.

Mbona karatasi imekunjamana? Imeharibika?

Haijaharibika. Kwa picha nyingi Watanabe alichagua karatasi iitwayo momigami, iliyofikinywa kwa mikono kama mtu anayefua leso, kisha ikatandazwa upya. Vile vikunjo vidogo vinabaki, vinashika rangi kwa namna tofauti, na uso wa picha unapata ngozi. Nikipitisha macho juu ya picha yake karibu na dirisha, vikunjo vinatupa vivuli vidogo, na vazi la Mariamu linaonekana kama kitambaa kilichokwisha kuvaliwa.

Kwa nini Yesu amevaa kimono? Na pale mezani kuna nini?

Watanabe alirudia Karamu ya Mwisho mara nyingi maishani. Chukua zile ambazo wanafunzi wamevaa kimono, vazi la asili la Kijapani, zenye nakshi, kila mmoja na nakshi yake: mistari, miraba, maua madogo. Wameizunguka meza wakiwa wamesongamana bega kwa bega, nyuso zimeinamiana. Katikati ya meza kuna samaki mzima. Pembeni kuna sushi, na vyombo vya pombe ya mchele.

Samaki huyo ana habari yake. Wajapani humwita tai, na wasomaji wangu wasimwone ndege hapo. Ni samaki mwekundu wa baharini, na jina lake linasikika ndani ya "medetai", neno lao la kutaja jambo la heri. Kwa hiyo huliwa harusini, Mwaka Mpya, na mtoto anapozaliwa. Familia ya Kijapani ikimwona mezani inajua bila kuambiwa kwamba leo ni siku kuu. Watanabe hakuhitaji kuandika chini ya picha kwamba karamu hii si ya kawaida.

Na Wakristo wa kwanza wenyewe walimtumia samaki kama alama ya Kristo. Kwa hiyo samaki mmoja anazungumza lugha mbili juu ya meza moja. Hapo ndipo ninaposimama kila mara nikiitazama picha hiyo.

Lakini Yesu alikuwa Myahudi. Je, si kosa kumgeuza Mjapani?

Swali zuri, na huulizwa kwa dhati, hasa na wazee. Ni kweli Yesu alikuwa Myahudi wa karne ya kwanza, na Biblia haiachi shaka. Watanabe alilijua hilo. Lakini tazama picha iliyotundikwa kwenye kuta za nyumba zetu nyingi, ya Yesu mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Huyo naye ni Yesu aliyevikwa sura ya watu fulani, tofauti ni kwamba tumemzoea. Mchoraji wa Italia alimpa Mariamu nguo za wanawake wa mjini kwake, na hakuna aliyemwita mpotoshaji.

Kwetu pia yupo aliyefanya hivyo. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kwenye kuta za kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, Kenya, visa vya maisha ya Yesu katika mandhari na sura za Kiafrika. Yeye na Watanabe walifanya kazi mbali sana, mmoja kwa rangi za ukutani na mwingine kwa uji wa mchele, lakini swali walilojibu ni moja.

Japani ilikuwa na picha za Kikristo kabla ya Watanabe?

Ndiyo, na historia yake ina damu. Mmisionari Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549. Ukristo ulienea haraka, kisha watawala wakaugeuka. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka 1614 dini yote ikapigwa marufuku nchini. Watu walilazimishwa kukanyaga sanamu za Yesu au Mariamu, na anayesita alijulikana kuwa Mkristo.

Waliobaki walijificha kwa zaidi ya karne mbili. Wengine walisali mbele ya sanamu za Kannon, mwenye huruma wa Kibuddha, huku mioyoni wakimwita Mariamu. Katika kisiwa cha Ikitsuki walitunza picha za kutundika walizochora wenyewe, Mariamu akiwa na kimono na nywele za Kijapani, mtoto mapajani. Mwaka 1865 baadhi ya wazao wa Wakristo hao waliojificha walikwenda kwenye kanisa jipya la Oura, Nagasaki, wakamnong'oneza padri Mfaransa kwamba moyo wao ni mmoja na wake. Mabango ya marufuku yaliondolewa mwaka 1873.

Watanabe alikuwa Mprotestanti wa Tokyo, na hakutoka katika koo hizo. Lakini mtu akisema kwamba Mariamu wa kimono ni uvumbuzi wa karne ya 20, namkumbusha wale wavuvi wa Ikitsuki waliokuwa wakizikunja picha zao na kuzificha kabla mgeni hajaingia.

Mbona nyuso zinafanana na sanamu za Kibuddha?

Kwa sababu macho yake yalilelewa huko. Japani ilikuwa na chapa za kale za kidini zilizogawiwa mahekaluni, rahisi, nyeusi, zenye watakatifu wa Kibuddha waliotulia. Utulivu ule ameuchukua. Tazama mkono wa Yesu ulioinuliwa: vidole vimenyooka na kiganja kinatutazama, kama ishara za mikono kwenye sanamu za mahekalu. Wakati huohuo, macho makubwa yanayokukodolea yanamkumbusha mtu picha za watakatifu za makanisa ya Mashariki. Sioni mgongano hapo. Mtu haongei lugha mpya bila lafudhi ya mama yake.

Alipenda visa gani vya Biblia?

Vingi mno. Safina ya Nuhu imejaa wanyama mpaka juu, na hiyo watoto huipenda kuliko zote. Kuna kuzaliwa kwa Yesu, mamajusi, kukimbilia Misri, Yesu akiingia Yerusalemu juu ya punda, kuwaosha wanafunzi miguu, mwana mpotevu, Msamaria mwema.

Viwili vina nafasi yake katika maisha yake. Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita, picha yake ya kisa cha Ruthu ilipewa tuzo na lile jumba la Yanagi. Taifa lilikuwa limejaa wajane na wakimbizi, Tokyo ilikuwa bado na viwanja vya majivu, naye akachagua mwanamke mgeni anayemwambia mkwewe mjane: "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya chapa za kisasa za Kijapani huko New York, alipata tuzo ya kwanza kwa picha ya Musa na nyoka wa shaba. Kuanzia hapo dunia ikamjua.

Japani Wakristo ni wachache. Nani alikuwa akizinunua?

Wakristo ni kama asilimia 1 ya Wajapani. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni: wamisionari, walimu, watu waliopita Tokyo na kurudi kwao na picha iliyoviringishwa kwenye bomba la karatasi. Wakati wa urais wa Lyndon Johnson, picha zake zilitundikwa Ikulu ya Marekani. Jumba la Makumbusho la Vatikani linazo, na British Museum ya London pia.

Mwenyewe alisema angependa zaidi kuziona zimetundikwa mahali watu wanapokusanyika kwa kawaida, kwa kuwa Yesu aliwaletea watu Injili. Ndivyo mtu wa mingei anavyosema, na ninaamini alimaanisha hivyo: mgahawa, nyumba ya wageni, ukumbi wa parokia.

Kama mingei ni kazi ya fundi asiye na jina, mbona ametia sahihi?

Hapa pana mvutano wa kweli, na wafuasi wa Yanagi wenyewe waliupata, maana Hamada na Serizawa walikuja kuwa majina makubwa. Watanabe aliandika jina lake kwa herufi za Kilatini kwenye picha, mara nyingi na mwaka na namba ya nakala. Soko la chapa lilitaka hivyo. Kwa maoni yangu jina lile halikubadilisha tabia ya kazi. Angalia anavyorudia: Karamu ya Mwisho tena na tena, kama mfinyanzi anayerudia chungu kilekile mwaka hadi mwaka, kila mara akikiweka sawa zaidi. Msanii anayetafuta sifa hukimbilia jambo jipya. Yeye alikaa.

Zinatofautianaje na zile chapa za mbao za Kijapani zenye mawimbi na wanawake?

Zile huchongwa kwenye mbao, kwa kawaida ubao mmoja kwa kila rangi, na karatasi inasuguliwa juu yake. Hizi hazina mbao. Stensili na uji huweka mipaka, na rangi inapakwa kwa brashi, ndiyo maana nakala mbili za picha moja hazilingani kabisa: huku nyekundu imekolea, kule brashi imeacha mchirizi.

Na batiki zetu je?

Ni ndugu kwa wazo. Batiki ya Dar es Salaam au Arusha huzuia rangi kwa nta ya moto, inayotolewa baadaye kwa maji yanayochemka. Katazome huzuia kwa uji unaotoka kwa maji baridi. Aliyewahi kushika brashi ya nta ataielewa katazome kwa nusu saa.

Nikikutana na moja inauzwa, nitajuaje kama ni halisi?

Itazame kwa mwanga wa pembeni. Nakala ya kiwandani ni laini na rangi zake ni vidoti vidogo ukikuza kwa lenzi. Picha halisi ina nyuzi za karatasi zinazoonekana, rangi imelala juu kama vumbi laini lililogandamana, na upande wa nyuma mara nyingi huonyesha dalili za rangi iliyopenya. Sahihi pekee haitoshi.

Ukiipata, usiitundike penye jua la moja kwa moja wala ukuta wenye unyevu, na usiigandishe na gundi. Fremu iache nafasi kati ya kioo na karatasi. Kwetu pwani, chumvi na joto vitaimaliza haraka isipotunzwa.

Je, naweza kuchapisha nakala kwa ajili ya shule ya Jumapili?

Bila ruhusa, hapana. Sheria ya Japani inalinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake, na Watanabe alifariki mwaka 1996, kwa hiyo hakimiliki bado ipo. Waonyeshe watoto picha kutoka kitabu cha maktaba au tovuti ya jumba la makumbusho.

Kisha wape mkasi na karatasi ngumu ya boksi. Waambie wakate safina, lakini wahakikishe kila mnyama ameshikana na mwenziwe ili asidondoke. Kwa uji, unga wa ngano uliopikwa na chumvi kidogo unatosha kwa jaribio la siku moja, na rangi yoyote ya maji itafaa. Wakiwa na miaka chini ya 8, wakatie wewe. Wakati wa kuosha, waache waingize mikono wenyewe kwenye beseni.